Afisa mikopo Mbeya: mshahara unaingia, moyo umegoma. Nihamie kwenye kitalu cha parachichi?

Dada wa Ilomba

Wakuu heshima kwenu. Mimi ni mdada wa miaka 32, naishi Ilomba hapa Mbeya, nina mtoto mmoja yuko darasa la kwanza. Ni afisa mikopo kwenye kampuni ya mikopo midogo. Jina la kampuni sitalitaja, msinifuate faragha kuniuliza.

Kabla hamjaniambia nimshukuru Mungu kwa kuwa nina kazi: namshukuru. Najua wenzangu niliomaliza nao uhasibu ambao mpaka leo wanazungusha bahasha. Mshahara wangu ni laki saba na nusu. Ukitoa NSSF, kodi na ile asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa vyuo, naondoka na laki tano na vijisenti. Kwa chumba na sebule Ilomba, nauli na ada, inatosha kama hakuna mgonjwa. Kwa hiyo shida yangu si njaa.

Shida ni kazi yenyewe. Asubuhi zangu karibu zote ni mikutano ya vikundi. Saa moja na nusu wamama wameshakaa kwenye mabenchi, kila mtu fedha yake ameifunga kwenye pindo la kitenge. Sheria ya ofisi ni kwamba rejesho la kikundi lisipotimia hakuna kuondoka. Juzi ilipungua elfu kumi na mbili. Mwenye deni hakutokea na simu ameizima. Tukakaa. Kuna mama aliyekuwa ameacha ndizi zake sokoni, zinauzwa na mwanaye wa darasa la tatu ambaye siku hiyo hakwenda shule kwa ajili hiyo hiyo. Kila baada ya muda anasimama, anachungulia barabarani, anakaa. Hakunitukana hata kidogo, na bora angenitukana. Saa sita kasoro wakachangishana elfu moja moja, nikaandika stakabadhi, wakatawanyika. Kwenye ripoti yangu siku hiyo inasomeka asilimia mia moja.

Jioni ni ufuatiliaji. Mnafahamu maana yake. Nimeshabeba sabufa ya mtu huku wanawe wamesimama mlangoni wananiangalia. Mtaani wanatuita kausha damu, na siwezi kubisha sana.

Sasa niwaambie kitu kingine ili msidhani nachukia kila kitu. Kuna mama anauza mchele wa Kyela pale Mwanjelwa, alikuja kuomba aongezewe mkopo. Fomu inataka mauzo na faida ya wiki, yeye akasema faida ni elfu arobaini kwa gunia: ananunua kilo kwa 2,000, anauza 2,400, gunia kilo mia. Hesabu nyepesi, na wengi ofisini wangejaza hivyo hivyo wapite. Nikamwambia mama, tukae. Nikachukua daftari la mwanawe la mistari, nikaanza kumuuliza. Nauli ya gunia kutoka Kyela? Elfu sita. Wa kushusha? Elfu moja. Meza na ushuru kwa siku tano, ambazo ndizo gunia linamaliza? Elfu tano. Mifuko? Elfu tatu. Nyumbani mnakula nini? Akacheka: "Mwanangu, muuza mchele atakula nini?" Kilo mbili kila siku, watu saba.

Kwa hiyo zinazouzwa ni kilo 90, sio mia. 216,000. Mtaji 200,000, gharama 15,000. Anabaki na buku. Na kwetu peke yetu anarejesha 35,000 kila wiki.

Alikaa kimya, halafu akauliza: "Ina maana hela ninayowaletea ni mtaji wenyewe?" Ndiyo mama. Na palipopungua alikuwa anakopa kampuni nyingine, nikaja kuligundua hilo tulipofungua ukurasa wa pili. Tukapiga hesabu mpaka mchana: aongeze maharage ambayo hayaliwi sana kwake, mchele wa nyumbani aununue kama mteja na hela aiweke kwenye kopo, asichukue mkopo mpya mpaka amalize ule wa pili. Akaniomba aondoke na karatasi. Nilirudi ofisini sijala na wala sikuona njaa.

Meneja akaniuliza swali moja tu: mkopo umempa? Sijampa. Mwezi ule nikawa wa mwisho kwa mikopo mipya.

Basi, nina shemeji Rungwe ana kitalu cha miche ya parachichi aina ya Hass. Naona wanavyopiga hela, miche inaondoka kwa maroli. Nina akiba milioni tatu. Nafikiria kuandika barua mwezi ujao niende nikaanze na mimi. Nipo sahihi au ni uvivu na ujana vinanisumbua? Na hii habari ya kupata raha kazini ipo kweli, au ni maneno ya watu wenye hela?

Kibuyu Cheusi

Raha ya kazi ni tarehe 25 dada, siku nyingine zote ni mazoezi ya kuingojea.

Mimi ni mlinzi wa usiku mwaka wa tisa, sijawahi kujiuliza kama naupenda usiku. Ila hiyo ya kubeba sabufa umenikumbusha mbali, iliwahi kubebwa ya kwangu. Kama ulikuwa wewe, rimoti bado ninayo.

Mama Pendo 88

Mdogo wangu, pole. Mimi nilikuwa dirishani benki, nimehesabu noti za watu mpaka ngozi ya kidole gumba ikawa laini kama ya mtoto. Nikaacha, nikafungua ushonaji, kwa sababu nilikuwa napenda kushona. Kila aliyeniona alisema umefuata moyo wako, hongera.

Sasa sikiliza. Kushona gauni lako Jumapili mchana huku redio inaimba ni kitu kimoja. Kushona sare za kamati ya harusi, watu arobaini, na kila mmoja amenenepa tangu umpime, umeme umekatika na send-off ni kesho, hicho ni kitu kingine kabisa. Kushona kwenyewe sikupendi tena kama zamani, nakwambia ukweli. Nguo zangu mwenyewe siku hizi nanunua mtumba.

Lakini benki sirudi, hata unipe mara mbili. Kwa nini? Kwa sababu saa tisa nafunga, namfuata Pendo shule, tunarudi tunapiga stori njiani, usiku nikitaka nashona nisipotaka silali na wasiwasi wa hesabu isiyokaa sawa. Nilipokuwa naondoka nilidhani nafuata cherehani, kumbe nilikuwa nafuata saa tisa. Ningeijua hiyo mapema, hata shule ya chekechea ningekwenda kufundisha nikawa sawa.

Kwa hiyo kabla ya barua, jiulize unakimbia kipi hasa. Unawakimbia wateja? Meneja? Saa? Au ule mlango wenye watoto wamesimama? Maana kitalu kitakuondolea kimoja tu kati ya hivyo, na kitaleta vyake.

Afisa Utumishi

Nitajibu upande wa makaratasi kwa sababu hapa watu huwa wanaruka.

Kama unalipwa kwa mwezi na umeshapita mwezi wa kwanza, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28, kwa maandishi. Soma mkataba wako, unaweza kuwa na muda mrefu zaidi. Ukiondoka bila notisi watakudai mshahara wa muda huo. Likizo ambayo hukuichukua idai. Cheti cha utumishi ni haki yako, kidai pia, utakihitaji.

NSSF: wengi wanadhani wakiacha watalipwa fao la kukosa ajira. Lile linamlenga aliyepoteza kazi bila kupenda kwake, aliyechangia angalau miezi 18. Ukiandika barua mwenyewe, usilipigie hesabu.

Bodi ya Mikopo: deni halikatiki kwa sababu mshahara umekatika. Aliyejiajiri anatakiwa kulipa mwenyewe. Hapa ndipo watu wanajisahau, wanakuja kukuta bado linawangoja.

Milioni tatu kwa matumizi yako ya laki tano ni miezi sita bila kununua hata kiriba kimoja, yaani kile kifuko cha kuoteshea mche. Ukianza kununua viriba, piga hesabu wewe mwenyewe, wewe ndiye mhasibu.

Fundi wa Miche (Tukuyu)

Dada wa Ilomba salaam. Mimi nafanya hiyo kazi unayoitamani, niko huku Rungwe, acha nikwambie ilivyo.

Hayo maroli uliyoyaona yanaonekana Desemba na Januari. Wateja wangu wengi ni wa Mbozi na Njombe, wao mvua ikianza Novemba ndipo wanachimba mashimo, na mtu asiyechimba shimo hanunui mche. Miezi mingine ni kazi ya kutoa hela, siyo kuingiza. Unatafuta kokwa za parachichi za kienyeji, unazipanda kwenye viriba, unangoja mche unenepe kama penseli. Hapo ndipo unabebesha: unaukata mche wa kienyeji, unapasua katikati, kikonyo cha Hass, yaani kitawi chake, unakichonga kama kabari, unakipachika, gamba likutane na gamba, unafunga utepe. Gamba lisipokutana umepoteza mche na kikonyo. Kisu unafuta kwa spiriti kila unapohama mche. Na kikonyo kitoke kwenye mti mama unaoujua, maana mkulima atakaa karibu miaka mitatu ndipo aone tunda la kwanza, na siku hiyo akikuta si Hass atakufuata mpaka kwako. Halafu kuna TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, wa kukagua na kusajili. Na mvua zetu hizi, kiriba kikituama maji mizizi inaoza kimya kimya, juu unaona majani mazuri.

Mimi naipenda. Napenda kuinama. Napenda kukaa kimya kutwa nzima na kisu, sisemeshwi na mtu. Vijana wangu wanajua kabla ya chai hatuongei. Ukweli ni kwamba wateja ndio wananichosha; wakija wengi namwachia mke wangu.

Sasa naomba nikusome, usikasirike. Andiko lako lote nimelirudia. Parachichi umelipa mistari mitatu, na katika hiyo mitatu umeona maroli na hela. Hujasema umewahi kushika kisu cha kubebesha. Hujasema unapenda udongo. Mama wa mchele umempa aya nzima, mpaka nauli ya kushusha gunia unaikumbuka, mpaka idadi ya watu nyumbani kwake. Mtu hukumbuka hivyo kitu anachokipenda. Wewe unapenda watu na madaftari yao, halafu unataka kuja kukaa na viriba elfu nane visivyosema. Utapata wazimu kabla ya Pasaka.

Kwa shemeji nenda kama mwekezaji mdogo kama unataka, weka laki tatu. Kuja kuishi humo, mimi nakataa.

Mzee wa Akiba

Fundi amesema vizuri, naongezea kutoka upande wa fedha maana nimekaa kwenye SACCOS ya wakulima wa kahawa huku Mbozi mpaka mvi zimeota.

Binti yangu, kukopesha si kazi moja. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 kuna madaraja manne. Wewe uko daraja la pili, kampuni za kukopesha zisizopokea amana. Pale hela ni ya mwenye kampuni, naye anataka izunguke haraka. Daraja la tatu ndiko tuliko sisi wa SACCOS, hela ni ya wanachama wenyewe. La nne ni vikundi vya kijamii, vikoba na wenzao. Haya mambo yanabadilisha asubuhi yako mpaka jioni. Kwetu mwanachama akiyumba, jirani yake anajua kabla yangu, tunamwita, tunapanga upya. Hatumfungii mtu mlango, kwa sababu kwenye mkutano mkuu yeye ndiye ananiinua mimi au kunikalisha.

Sikudanganyi kwamba ni peponi. Wadaiwa sugu tunao, na wengine ni viongozi, hao ndio wabaya kuliko wote. Mshahara kwetu uko chini ya wako, pengine kwa laki mbili. Bodi ikichaguliwa ya watu wasiojua kusoma mizania utalia. Lakini mtu wa kukaa na mwanachama na daftari tunamtafuta kwa tochi. Vijana wanaokuja na shahada zao wanajua kompyuta, ukiwaambia nenda kakae na mama wa ndizi umwelekeze kuandika, wanaona umewashushia hadhi.

Kuna jingine. Zile asilimia 10 za mapato ya ndani ya halmashauri zinazokopeshwa vikundi, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za wenye ulemavu, zisizo na riba. Zilisimamishwa 2023, zikarudi 2024. Kile kikundi kinatakiwa kiandike mradi, kifungue akaunti, kionyeshe hesabu. Wamama wengi wanakwama hapo hapo kwenye hesabu, siyo kwenye nia. Maafisa maendeleo ya jamii ni wachache na kata ni kubwa. Sisemi utatajirika, ila wamama kumi na tano wakichangishana elfu mbili mbili kwa jioni moja ya mafunzo, hiyo ni elfu thelathini, na hukubeba sabufa ya mtu.

CPA, ile mitihani ya uhasibu, umefikia wapi?

Kibuyu Cheusi

Mzee wa Akiba unamtoa kwenye kausha damu unampeleka kwenye mkutano mkuu wa ushirika. Huko damu haikaushwi, inachemshwa.

Dada wa Ilomba

Nimewasoma wote, nilikuwa kwenye marejesho, simu inakaa kwenye droo.

Fundi umenishika pabaya. Nimerudi kusoma nilichoandika nikakuta kweli, parachichi ni mistari mitatu. Na kusema kweli udongo siupendi, kwetu nilikuwa nakwepa shamba kwa kisingizio cha kumwangalia bibi. Nilichokiona kwa shemeji ni kwamba hakuna anayemkimbia akipita barabarani. Mimi wamama wakiniona Mwanjelwa siku isiyo ya rejesho wanashtuka kwanza, ndipo wanasalimia.

Mama Pendo, umeuliza nakimbia kipi. Nimelala na swali lako. Siyo saa, saa zangu nimezizoea. Siyo wateja. Ni kwamba ninayejua zaidi kuhusu biashara ya yule mama ni mimi, halafu ndiye ninayetumwa kumfanya asiinuke. Hilo likiondoka, hata mkutano wa saa moja na nusu naweza kwenda nikiimba.

Afisa Utumishi, nashukuru, ila hesabu ya miezi sita uliyoipiga haina ada ya Januari. Ni minne na nusu. Kwa hiyo barua ya mwezi ujao haipo, hilo nimeshaliona mwenyewe.

Mzee wangu, shikamoo. CPA nilifika ngazi ya kati, nikajifungua, nikasimama. Laki mbili pungufu inaniumiza, siwezi kujifanya jasiri. Kitu ambacho sikuwaambia ni kwamba ofisini kwetu kuna dawati la mikopo ya mtu mmoja mmoja, wafanyabiashara wenye maduka. Pale kabla ya mkopo unatakiwa ukae na mtu, umpigie hesabu siku mbili tatu, na uchambuzi mbaya unarudishwa. Hakuna mabenchi wala kufungiana. Ufuatiliaji upo, ila mteja ni mmoja na unamjua. Nafasi ilitangazwa mwezi wa tatu sikuomba, kwa sababu kila mtu anasema dawati hilo halina bonasi. Naona bado haijajazwa. Nitaomba hilo kwanza, na huku Jumamosi nijaribu hilo la mafunzo na kikundi kimoja ambacho si mteja wetu, nisije nikaonekana naiba kazi ya mwajiri. Nikiona nako moyo umegoma, Mzee nitakuja Mbozi na vyeti vyangu.

Kibuyu, sabufa yako ilikuwa aina gani?

Kibuyu Cheusi

Ya mbao, spika mbili, moja imetobolewa na panya. Kama mliiuza mkapata faida nyie ni wachawi.

Mama Pendo 88

Mdogo wangu, kwenye hayo mafunzo usianze na neno mizania, watakukimbia. Anza na kopo. Waambie kila mtu aje na kopo lake tupu, mengine yatafuata. Na usiwafundishe bure. Cha bure wanakuja mara ya kwanza wote, mara ya pili wanatuma watoto.

Fundi wa Miche (Tukuyu)

Dada, kabla ya hao wamama, anza na mimi. Nina viriba elfu nane na sijui kimoja kinanigharimu shilingi ngapi mpaka kinafika kwenye roli. Nauza elfu tatu kwa sababu jirani anauza elfu tatu. Mke wangu anasema tunapata faida, mimi nasema hatupati, na wote hatuna karatasi. Njoo Jumamosi uje na kalamu. Nauli nakulipa na kazi nakulipa, usiniambie ni msaada.

Dada wa Ilomba

Jumamosi hii kuna kikao cha wazazi shuleni. Jumapili baada ya ibada je? Na kabla sijaja, andika pembeni kila unachonunua wiki hii, hata utepe, hata spiriti, hata chai ya vijana.

Fundi wa Miche (Tukuyu)

Jumapili kwangu hatushiki kisu wala kalamu. Njoo Jumamosi ijayo, ukifika stendi ya Tukuyu nipigie. Chai ya vijana nayo ni gharama ya kiriba?

Dada wa Ilomba

Ndiyo. Na yako pia.